Ukificha wewe, ukapata wewe: maswali ya wasaka vikopo

Kwa msomaji anayeingia leo: kuna mchezo unaitwa jiokashi. Mtu anaficha kikopo mahali, anaandika namba za GPS za mahali hapo kwenye tovuti, na wengine wanakwenda kukitafuta kwa simu. Ndani ya kikopo mna daftari dogo. Ukikipata unasaini, unakirudisha palepale, na ukifika nyumbani unaandika mtandaoni "Nimekipata". Hesabu yako inapanda kwa moja.

Wiki chache zilizopita niligusia kwa sentensi mbili tu habari ya watu wanaojihesabia vikopo walivyovificha wenyewe. Sentensi hizo mbili zimeniletea barua kuliko kitu chochote nilichoandika mwaka huu, na baadhi zimeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha.

Shikamoo mzee. Nimeficha kikopo changu cha kwanza huku Moshi. Kila Jumamosi napita kukiangalia, nakifungua, nakishika kwa mkono wangu. Kwa nini nisiandike "Nimekipata"? (Mgeni wa mchezo)

Marahaba, mwanangu. Hukukipata. Umekikuta. Lugha yetu imeshakujibu kabla yangu.

Nadhani ulipokuwa mdogo ulikaa na wenzako mkategeana vitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!", wengine wanaitika "Tega!", anatega. Wakishindwa anadai mji, anapewa, anakwenda mjini kwake anajisifu huko mpaka aridhike, halafu ndipo anatoa jibu. Mji anapewa kwa sababu wenzake wamekwama. Sijawahi kumwona mtegaji aliyetega, akajitegulia mwenyewe, kisha akataka na hiyo ahesabiwe. Bibi angemfukuza akalale.

Mchezo huu nao ulianza hivyo tangu siku ya kwanza. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa inavuruga makusudi ishara za GPS wanazopata raia, kiasi kwamba kifaa chako kingeweza kukupoteza kwa mita mia. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, uvurugaji huo ukazimwa. Kesho yake, tarehe 3, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaenda Beavercreek, nje kidogo ya Portland katika jimbo la Oregon, akafukia ndoo nyeusi sehemu yake kubwa ardhini, akatangaza namba zake kwenye intaneti. Ndani aliweka daftari, vitabu, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine, kwa sharti kwamba ukichukua kitu uache kitu. Wa kwanza kuifikia na kuripoti alikuwa Mike Teague. Leo, zaidi ya miaka ishirini baadaye, ukisoma historia ya ndoo ile utaona Ulmer aliificha na Teague aliipata. Sijasikia mtu akisema Ulmer kapunjwa.

Halafu kuna jambo la kawaida kabisa: ukijaribu, utakuta haiwezekani. Tovuti kubwa ya mchezo, ile iliyofunguliwa Septemba 2000 ikiwa na vikopo 75 tu, zamani ilikuwa inamwachia mwenye kikopo kujiandikia anavyotaka. Siku hizi imefunga mlango huo.

Lakini ziara zako za Jumamosi si bure, na ninakusifu kwa kuzifanya, kwani wengi wakishaficha wanasahau. Kwenye ukurasa wa kikopo chako kuna aina ya ripoti kwa ajili ya mwenye mali, ya matengenezo. Iandike: "Nimepita leo, kikopo kipo, daftari kavu, nimeweka penseli mpya." Mtu anayepanga kupanda gari kutoka Arusha kuja kukitafuta ataisoma na atajua hapotezi nauli. Hesabu yako haitapanda, ila yeye atakuwa amepata habari ya kweli iliyoandikwa na mtu anayejulikana kuwa ndiye mwenyewe. Ungeiandika kama "Nimekipata" angefikiri kuna msakaji mwenzake aliyekisaka akafanikiwa, kumbe hakuna.

Tovuti inanizuia, sawa. Lakini nikifungua akaunti ya pili? (Bila jina, Dar)

Umefanya vizuri kutoweka jina.

Habari kaka. Mimi na mume wangu tuko Nairobi na kila mtu ana akaunti yake. Mimi nikificha, yeye anaweza kuripoti? Tumebishana hadi ugali ukapoa. (Mke wa msakaji)

Inategemea siku ya kuficha alikuwa wapi, dada.

Kama alikuwa kando yako ameshika tochi, au yeye ndiye aliyesema "hapana, sogeza kushoto kidogo chini ya mzizi ule", basi huyo ni mfichaji mwenzako hata kama jina lake halipo kwenye ukurasa. Asihesabu. Kama alibaki nyumbani anatazama mpira, hukumwambia lolote, na siku nyingine akatoka na simu yake akahangaika kama wengine, amekipata kihalali na asaini bila aibu.

Hata hivyo, nina ombi kwa waume na wake wote wa mchezo huu. Msubiri kwanza mtu wa nje akipate. Kuwa wa kwanza kusaini daftari tupu ni jambo ambalo watu huamkia alfajiri, huachia chai mezani, hukimbizana na bodaboda. Ukifika ukiwa unatweta, ukafungua kikopo, ukakuta mstari wa kwanza kuna jina la mume wa mwenye kikopo, na tarehe ni ileile ya kutangazwa, utajisikiaje? Hata kama alisaka kwa haki, hakuna atakayeamini. Awe wa tatu, awe wa nne. Ugali utaliwa ukiwa moto.

Mkichoka kubishana, kuna familia nyingi zinazotumia akaunti moja kwa wote. Hapo mgogoro unakufa wenyewe: mmeficha pamoja, hampati pamoja.

Mzee, mimi niko mikoani, nyanda za juu kusini. Vikopo vya karibu nimevimaliza, vyote vinne. Nikaficha sita ili mchezo uwepo. Sasa ramani yangu imejaa nyota za vikopo vyangu, na nyuso za njano zinazotabasamu, za vile nilivyovipata, ni nne. Wenzetu Ulaya wanarudi jioni na hamsini. Hii ni haki? (Mkulima wa vikopo)

Hili ndilo swali lililonifanya nikae chini, maana lina kilio cha kweli ndani yake. Ujerumani na Marekani vikopo vimejaa hadi vituo vya basi. Huku kwetu anayeficha ndiye anayebeba mchezo wa wilaya nzima mgongoni, na mchezo haumlipi hata nukta. Kanuni iliyoandikwa kwa mtu wa Munich inamgusa kwa namna nyingine mtu wa Njombe.

Niungame kwanza. Miaka mingi nyuma, tovuti ikiwa bado inaruhusu, nilificha kikopo cha filamu, vile vyeusi vyenye kifuniko cha kijivu, kwenye shina la mkuyu, njia ya kupandia kilima nje kidogo ya Lushoto. Kilikaa wiki, mwezi, miezi miwili. Hakuna aliyekuja. Jioni moja, kwa upweke tu, nikajiandikia: "Nimekipata. Mahali pazuri sana. Asante kwa mwenye kikopo." Nilijishukuru! Miezi mitatu baadaye akapita mtalii wa Kijerumani na mkewe, wakapanda kile kilima kwenye tope la masika, wakakipata. Ripoti yake ilikuwa ndefu na ya heshima, imetaja ukungu, watoto waliowasindikiza, na mama mmoja aliyewauzia pera njiani. Mwishoni akaandika: "Tumekuwa wa pili, baada ya mwenye kikopo, ambaye tunampongeza kwa kukipata."

Nilihisi masikio yanawaka. Nikafuta ripoti yangu usiku uleule, hesabu yangu ikashuka kutoka 12 hadi 11, na wao wakawa wa kwanza. Kesho yake nikapata ujumbe wa neno moja: "Danke."

Tangu hapo nimeangalia kwa jicho jingine hizo hamsini za Ulaya unazozionea wivu. Kanuni inasema kati ya kikopo na kikopo kuwe na angalau mita 161, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya maili. Basi kuna watu wanaopanga vikopo kando ya barabara, mita 161, mita 161, mita 161, mpaka macho yachoke. Huko Nevada, kwenye barabara waliyoibatiza Extraterrestrial Highway, waliwahi kupanga msururu uliopita elfu moja. Magari yanapita na timu nzima: mmoja anaendesha, mmoja anaruka chini, mmoja anapiga muhuri. Wengine hata hawakirudishi kikopo mahali pake. Wanakichukua cha kwanza, wanakisaini ndani ya gari likiwa linakwenda, wanakiweka kwenye nafasi ya cha pili, wanakichukua cha pili, na kuendelea. Ukimuuliza mtu kama huyo kikopo namba 640 kilikuwaje atakutazama tu. Nyuso nne zako, nina hakika, kila mmoja una kisa chake.

Kwa hiyo fanya hivi. Tovuti inaonyesha pembeni ya jina lako idadi ya ulivyoficha. Hiyo sita ni hesabu, na huku kwetu ni hesabu nzito. Msakaji yeyote akija kutoka nje, jambo la kwanza analofanya ni kutazama nani kaficha. Pili, tafuta mwenzako mmoja wa wilaya jirani mfichiane: yeye aje afiche upande wako, wewe ufiche upande wake, kwa makubaliano kwamba kila mmoja atavitunza vya mwenzake panapohitajika. Wakaguzi wa kujitolea wanaopitisha vikopo huwa wanataka kuona kwamba kuna mtu wa karibu wa kukitunza, kwa hiyo mtajeni mapema. Hapo utapata nyota na utapata nyuso.

As-salaam aleikum. Mimi ni wa Mombasa. Kikopo changu kiko kwenye ufa wa jiwe la matumbawe. Mwezi jana nilikwenda kukikagua, nikakitafuta saa nzima na dakika juu, nyasi zimeota, mchanga umehama. Nilipokiona nilipiga kelele. Si nimekitafuta huku? Tena ndani nikakuta vikopo viwili! Kumbe kuna mtu alikikosa, akaweka chake kipya, akasaini, akaandika kakipata. (Bi. Ufukweni)

Wa aleikumu salaam, bibie. Nimecheka, lakini nimecheka nawe.

La kwanza ni rahisi. Ulikitafuta, ndiyo, ila ulikuwa unakitafuta kama mtu anavyotafuta funguo zake. Ulijua ni jiwe gani, ulijua ni kikopo cha namna gani, ulijua ulikibana kwa kokoto mbili. Aliyetoka Nairobi kwa treni alikuwa na namba tu na mzunguko wa mita tano za miamba. Andika ujumbe wa kuchekesha kwenye ukurasa wa kikopo, utasomwa na utapendwa. Na namba zako uzipime upya: kama mwenyewe umechukua saa nzima, huenda ulizinakili vibaya siku ya kwanza. Mti mkubwa au ukuta wa mwamba unaweza kuipeleka simu mita kumi pembeni. Simama, pima, ondoka, rudi, pima tena, na tena, kisha chukua wastani.

La pili ndilo lenye uchungu. Kuna watu wakikosa kikopo wanatoa mfukoni kopo dogo la akiba, wanaliweka, wanasaini, wanaripoti "Nimekipata". Wakiulizwa wanasema walikuwa wanamsaidia mwenyewe. Ukitazama vizuri, huyo bwana ni pacha wa wale wanaojihesabia vikopo vyao. Alikificha yeye dakika ile ile, akakipata yeye dakika ile ile. Tofauti ni kwamba amefanya hivyo shambani kwako.

Ona ulichokuta: cha kwanza hakikuwa kimepotea. Yeye alishindwa kukiona tu. Tangu siku ile waliokuja baada yake hawajui wamesaini kipi. Wengine wamesaini kile kilichojibanza kihalali ufani, wengine kile kilichowekwa juu juu kikionekana na kila mpita njia.

Una haki ya kuifuta ripoti yake, kwani jina lake halimo kwenye daftari lako. Lakini mwandikie kwanza, kwa upole wa Kimvita: "Kikopo changu kipo, chako nimekitoa nakutunzia. Karibu tena ukitafute, nitakuandalia na maji ya dafu." Akibadilisha mwenyewe akaandika "Sikukipata", mambo yameisha. Asipojibu baada ya wiki mbili, futa. Waliosaini kopo lake bila kujua waache walivyo, hawana kosa.

Na kama siku moja kikopo kitapotea kweli, halafu msakaji akakupigia kuuliza, una ruhusa ya kumwambia "weka kingine kwa niaba yangu". Hapo ni wewe umeagiza. Kama ahesabu au asihesabu, hilo mwenye kikopo ndiye anayeamua. Mimi nikiwa na picha yake amesimama kwenye jiwe sahihi, huwa namwachia.

Niko Minneapolis. Rafiki yangu anarudi nyumbani Bujumbura moja kwa moja na ananiachia vikopo vyake tisa. Vitano nilishavipata zamani. Hesabu yangu itakuwaje? (Mrithi)

Vile vitano vinabaki. Ulivipata ukiwa mgeni navyo, na kuvipokea leo hakufuti jasho la jana.

Vile vinne vingine, fanya haraka kabla hujabonyeza kukubali. Mwambie rafiki yako asikuonyeshe chochote bado. Toka na simu yako, vitafute kama mtu baki, visaini, ripoti. Kisha kaeni kitako akukabidhi, akueleze kila kimoja kina ugonjwa gani: kipi kinaingiza maji theluji ikiyeyuka, kipi majirani hukitilia shaka. Ukishakuwa mwenyewe kwenye mfumo, mlango umefungwa, na hata usingefungwa ungekuwa umeshaambiwa siri zote.

Msafirishe salama rafiki yako.

Niliitisha mkutano wa wasakaji, tukala mishikaki, tukapiga soga. Je, mwenyeji anajihesabia "Nimehudhuria"? (Kaka wa Kisumu)

Ndiyo, jihesabie bila kupepesa macho. Mkutano haujifichi. "Nimehudhuria" maana yake ulikuwepo, na mwenyeji asipokuwepo nani kawasha mkaa? Hii ndiyo nafasi ambayo karibu wasakaji wote duniani wanakubaliana, kuanzia mikutano ya watu saba hadi ile mikubwa. Mikutano inayopita watu 500 ina daraja lake, inayopita 5,000 ina daraja jingine juu yake, na ya kwanza ya ukubwa huo ilifanyika Munich mwaka 2014. Waandaaji wake nao walihudhuria.

Kilichowahi kuleta kelele ni kitu kingine. Sehemu fulani za Marekani palikuwa na desturi ya kuficha vikopo vya muda kwenye uwanja wa mkutano, vya siku ile tu, halafu watu wakawa wanaandika "Nimehudhuria" mara ishirini kwa mkutano mmoja, mara moja kwa kila kopo. Mtu mmoja anahudhuria mkutano mmoja mara ishirini! Mkutano mmoja, hesabu moja, kaka. Mishikaki ile hata mara tatu.

Rafiki yangu alitunga fumbo gumu, lile ambalo jibu lake ndilo namba za mahali kilipo kikopo, akanipa nilijaribu kabla hajalitangaza. Nikalifumbua, nikaenda nikakipata kikopo. Nahesabu? (Mjaribu mafumbo, Arusha)

Hapa wazee wa mchezo wamegawanyika, nami nitakwambia upande wangu. Ulifumbua kweli na ulitafuta kweli, kwa hiyo "Nimekipata" ni yako. Umemfanyia mwenzako kazi pia, kwa sababu fumbo lisilojaribiwa mara nyingi lina kosa la hesabu mahali fulani na watu wanaishia kwenye uwanja wa kanisa.

Ila wa kwanza si wewe. Fungua daftari, ruka mstari wa juu, saini chini au nyuma ya ukurasa, na mtandaoni usiripoti mpaka mwingine atangulie. Kama alikuonyesha jibu au mlikaa pamoja kulitunga, rudi kwenye jibu la yule dada wa Nairobi na mumewe.

Kikopo changu kilikuwa karibu na benki. Askari akakiona, akakipasua, akakitupa. Yeye amekipata, si ndiyo? (Mwathirika)

Amekipata haraka kuliko msakaji yeyote, na ana bahati hakuita wenzake wa mabomu. Ndugu yangu, kopo lililobanwa ukutani karibu na benki, kituo cha polisi, daraja, kambi au stesheni halitazamwi kama mchezo, si kwetu tu bali popote duniani. Kanuni inataka idhini ya mwenye mahali. Kifunge kwenye tovuti, kaombe radhi, na kingine kiweke kwenye uwanja wa mtu unayemfahamu, kwa ruhusa yake, kikiwa na maandishi nje yanayoeleza ni kitu gani.

Mimi nimetunga kile kisicho na kopo, cha kujifunza miamba. Hapo hakuna nilichoficha. Najihesabia? (Mwalimu wa jiografia)

Mwalimu, wewe wa kuuliza hivyo? Aina hiyo ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia wa Marekani: mtu anakwenda mahali, anatazama jiwe, maporomoko au chemchemi, anajibu maswali na kumtumia majibu aliyeyatunga. Ukijihesabia umetunga mtihani, umeufanya, umeusahihisha, na umejipa mia kwa mia.

Kile kibati changu chenye namba, kinachosafirishwa kutoka kikopo hadi kikopo, naweza kukiandikia mwenyewe kwamba kimetembelea mahali? (Msafiri, Muscat)

Hicho ruksa. Hakiongezi idadi ya vikopo ulivyopata, kinajumlisha kilomita tu, na wengi hutembea na chao mfukoni kwa sababu hiyo. Hata lile kopo la maharage la Ulmer, baada ya kupatikana tena pale msituni, lilipewa namba yake likawa linatembezwa kwenye mikutano. Mimi nalipenda kopo lile kuliko ndoo yenyewe.

Mzee shikamoo. Binti yangu ana miaka tisa. Tulificha pamoja kikopo, yeye ndiye aliyechagua shimo la mti. Sasa analia anataka naye apate uso wa njano kwa kile kile. Nimwambie nini? (Mama wa Tanga)

Marahaba, mwanangu. Usimwambie kitu, mpe zamu.

Mnunulie kopo la plastiki la kuwekea chumvi, lile lenye mfuniko wa kubana, na daftari la shilingi chache ulikate vipande. Akafiche yeye, peke yake, uani au kwa shangazi yake, wewe ukiwa ndani na mlango umefungwa. Kisha utoke ukatafute. Tena utafute kweli, usijifanye. Watoto wanaocheza kombolela wanajua mara moja mtu mzima anapowadanganya. Utamwona anavyojizuia kucheka unapopita karibu, anavyoziba mdomo kwa mikono miwili, anavyotazama upande ule ule wa ndoo ya kuku halafu anageuza macho haraka. Hapo ndipo atakapoonja raha ya aliyeficha, na sina hakika kama atauulizia tena ule uso wa njano.

Ukishakipata, saini jina lako lote kwa mwandiko mzuri. Atalikagua.